Kabla Hujaandika Historia ya Bendi ya Mtaani Kwenu, Uliza Vyombo Vilikuwa vya Nani

Kila baada ya muda napata ujumbe wa kijana anayetaka kuandika habari za bendi iliyokuwa ikipiga mtaani kwao zamani. Baba yake alipiga besi, au mjomba wake aliimba, au amesikia wazee wakitaja jina ambalo mtandaoni halipo kabisa. Swali huwa lilelile: naanzia wapi? Mimi nimezunguka sana Ngamiani, hapa Tanga, nikiwafuata wazee waliowahi kushika magitaa, na jibu langu halijabadilika. Anza na vyombo. Mwimbaji mwache kwanza.

Mwimbaji atakupa hadithi tamu, tena bila kuombwa. Ameisimulia mara nyingi kiasi kwamba sehemu zenye aibu zimeshadondoka njiani. Mtafute anayekumbuka gitaa la solo lilinunuliwa wapi, kwa pesa za nani, na siku bendi ilipovunjika nani aliondoka na spika. Huyo mara nyingi ni mpiga dramu, au yule aliyekuwa akibeba mizigo, au mke wa meneja.

Chukua bendi ya NUTA. Iliundwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na jina lake likawa linafuata jina la chama: NUTA Jazz, kisha JUWATA Jazz, kisha OTTU Jazz, hadi ikabaki Msondo Ngoma. Anayeandika kwa kufuata majina atadhani hizo ni bendi nne. Anayefuata mwenye vyombo ataona ni bendi moja ambayo mlangoni palibadilishwa bango. Muhiddin Gurumo, mmoja wa waanzilishi wake, alihamia Mlimani Park mwaka 1978, bendi iliyoanza chini ya kampuni ya usafiri na teksi, TTTS, kabla ya kuwa ya DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Baadaye akaenda Orchestra Safari Sound, mwishowe akarudi Msondo. Kijana wa leo akisoma hayo anaweza kudhani mzee alikuwa kigeugeu. Lakini katika bendi za namna hiyo vyombo vilikuwa vya mwajiri. Mwanamuziki akitoka, anatoka na koo lake na vidole vyake tu, na palipokuwa na vyombo vizuri na mshahara wa uhakika ndipo alipokwenda.

Bendi za vijana waliopenda roki na soul zilikuwa na hali ngumu zaidi, kwani nyuma yao hapakuwa na chama wala kampuni. Ile ninayoifuatilia mimi (jina siliandiki, maana walio hai hawajakubaliana nani mwenye haki nalo) ilianza kwa vyombo vya kuazima. Mwenye amplifaya akihama mji, bendi inalala. Nilipoacha kuuliza "mlianza lini" nikaanza kuuliza "wakati huo amplifaya ilikuwa kwa nani", miaka iliyokuwa imevurugika vichwani mwao ikajipanga yenyewe.

Sasa niende mbali kidogo, hadi Detroit, Marekani, kwa sababu historia ya bendi ya mtaani iliyonifundisha kuliko zote ni ya huko, na ni ya panki (punk), ile roki ya kasi na makelele.

Bendi inaitwa Death. Ndugu watatu weusi, David, Bobby na Dannis Hackney, walianza 1971 kwa jina la Rock Fire Funk Express, wakipiga funk kama ilivyotarajiwa kwa vijana weusi katika mji wa Motown, kampuni maarufu ya muziki wa soul. Halafu David, kiongozi wao na mpiga gitaa, akawageuza wakaingia kwenye roki nzito ya kasi. Jina la Death lilikuwa wazo lake baada ya baba yao kufariki. Alitaka kifo kitazamwe kwa jicho jema. Mwaka 1975 walirekodi nyimbo 7 katika studio ya United Sound. Albamu ya kwanza ya Ramones, bendi ya New York, ambayo wengi huanzia hapo wanaposimulia panki, ilitoka 1976. Hesabu mwenyewe.

Kampuni kubwa ya muziki ikawataka wabadili jina. David akagoma. Mwaka 1976 wakatoa wenyewe santuri ndogo, nakala 500, kwa lebo yao ya Tryangle: "Politicians in My Eyes" upande mmoja na "Keep on Knocking" upande wa pili. Haikufika mbali. Mwaka uliofuata wakahamia Burlington, jimbo la Vermont, wakapiga roki ya injili kwa jina la The 4th Movement. David alirudi Detroit mwaka 1982, wadogo zake wakabaki Vermont na kuunda Lambsbread, bendi ya rege. David alikufa kwa saratani ya mapafu mwaka 2000. Kabla ya hapo alimkabidhi Bobby mikanda ya studio, akamwambia aitunze kwani ipo siku watu watakuja kuitafuta.

Na walikuja. Wakusanyaji wa santuri walikuwa wakiisaka ile ndogo kwa bei za kutisha, na watoto wa Bobby, ambao hawakuwahi kusimuliwa lolote, wakagundua kwamba sauti inayozungumzwa ni ya baba yao. Mwaka 2009 kampuni ya Drag City ikatoa zile nyimbo 7 kama albamu, miaka 34 baada ya kurekodiwa. Watoto hao wa Bobby wakaunda bendi ya Rough Francis ili wazipige jukwaani.

Watu wengi wakiisimulia habari hii humfanya David kuwa nabii. Mimi nakuomba uangalie mikanda. Kama ingebaki studio, au kwa kampuni, tungekuwa na nyimbo mbili zilizochakaa na hadithi za wazee. Huku kwetu ndivyo ilivyokuwa kwa bendi nyingi: zilikwenda kurekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, zikapiga, zikaondoka, mkanda ukabaki redioni. Mwanamuziki akitaka kusikia kazi yake alisubiri kipindi kama msikilizaji mwingine. Kwa hiyo swali la pili baada ya vyombo ni hili: mkanda ulibaki wapi, na kwa nani? Usiridhike na "tulirekodi". Uliza walirekodia wapi na kama kuna santuri iliyochapishwa Kenya, maana lebo ya santuri huwa na namba, jina la mtunzi na jina la kampuni, na vitu hivyo vitatu husaidia kuliko saa nzima ya mazungumzo. Ipige picha pande zote mbili. Namba iliyokwaruzwa kwenye plastiki karibu na lebo nayo iandike.

Habari ya Death ina somo lingine ambalo nalipenda zaidi. Inasimuliwa kila mahali kwamba aliyewataka wabadili jina ni Clive Davis, mkuu wa Columbia Records. Sasa, Davis aliondolewa Columbia mwaka 1973, na mwishoni mwa 1974 alikuwa ameanzisha Arista. Vijana waliingia studio 1975. Simwiti mtu mwongo. Inawezekana kabisa mtu ni yuleyule na kampuni ndiyo imechanganywa, au kinyume chake. Lakini ona jinsi jambo linavyorudiwa na kila mtu bila mmoja kuchukua tarehe mbili akaziweka pamoja. Kumbukumbu ya mwanamuziki hushika jina kubwa na kuachia mwaka. Wewe kazi yako ni kushika mwaka.

Na mwaka haupatikani kwa kuuliza mwaka. Mzee wa miaka sabini na kitu ukimuuliza "ilikuwa mwaka gani?" atakutajia wowote ili akuridhishe. Tumia vigingi. Ilikuwa kabla au baada ya Azimio la Arusha, 1967? Wakati soul ilipopigwa marufuku Dar es Salaam, Novemba 1969, nyinyi mlikuwa mnapiga nini? Mpaka wa Kenya ulipofungwa 1977 mlikuwa mmesharudi kutoka Nairobi? Hili la mpaka lina uzito wake, kwani ulifunguliwa tena 1983, na bendi iliyotegemea studio na viwanda vya santuri vya Nairobi ilibanwa miaka yote hiyo. Vita vya Kagera navyo ni kigingi kizuri; hakuna asiyekumbuka alikuwa wapi. Nimeona mzee aliyekuwa amekwama kabisa kwenye tarehe akifunguka mara tu nilipomuuliza kama sukari ilikuwa inapatikana madukani wakati wa ile safari yao.

Ukienda kuongea nao, nenda kwa mmoja mmoja kwanza. Ukiwakusanya siku ya kwanza, mwenye sauti kubwa atatoa historia rasmi na wengine watatikisa vichwa kwa adabu. Wakutanishe baadaye, ukiwa na picha au wimbo wa kuwachokoza. Utaona: atakayesema "hapo si mimi niliyepiga, ni marehemu fulani" ndiye wa kumrudia nyumbani kesho yake. Shikamoo yako iwe ya kweli, kaa, kunywa chai ukipewa, na kinasa sauti kitoe baada ya kuomba ruhusa. Simu inatosha, ila iweke mbali na feni. Na usiondoke bila kumsalimia bibi wa nyumba. Wake na wajane ndio waliotunza picha, barua za mwaliko na stakabadhi kwenye masanduku, na wao ndio wanaojua bendi iliingiza kiasi gani, maana walikuwa wakisubiri hicho kiasi jikoni.

Bendi ikigawanyika, usichague upande. Wilson na George Kinyonga walitoka Tanga, kutoka Jamhuri Jazz, wakaenda Arusha, na 1971 wakaingia Kenya, ambako kikosi chao ndicho kilichokuja kuwa Simba Wanyika. Mwaka 1978 wapigaji kadhaa walijitenga, wakiwemo Omar Shabani wa gitaa la kati na Tom Malanga wa besi, wakaanzisha Les Wanyika. Kwa masikio yangu ule mgawanyiko ulizaa muziki mzuri kuliko ambavyo maelewano yangezaa. Ukiandika kama mwanasheria wa upande mmoja, msomaji ataukosa huo muziki. Weka maelezo ya wote wawili, yakipingana yaache yapingane, na useme nani alisema nini.

Kuhusu kanda za zamani, niseme kwa ufupi kwa sababu hapa Pwani unyevu hausubiri mtu. Ukipewa kanda, usiichomeke kwenye redio yoyote tu kwa haraka ya kusikiliza. Iangalie kwanza kama ina ukungu mweupe. Ikiwa nao, usiicheze, itauchafua mtambo na kanda zitakazofuata. Vunja vile vimeno viwili vya juu ili mtu asirekodie juu yake kwa bahati mbaya. Ipeleke mbele hadi mwisho na kuirudisha mara moja kabla ya kuicheza. Ihamishie kwenye kompyuta kwa WAV, faili kubwa la sauti lisilobanwa, MP3 baadaye kwa ajili ya kuwatumia watu. Nakala mbili sehemu mbili tofauti, nyumba mbili kabisa, siyo droo mbili. Karatasi ya ndani ya kanda usiitupe hata kama imeandikwa majina ya nyimbo za Kikongo juu ya nyimbo za bendi yako. Hilo lenyewe linakuambia kanda zilikuwa adimu kiasi gani. Mikanda mikubwa ya studio usiiguse kama hujawahi. Kuna aina za miaka ya 70 ambazo gundi yake huvuta unyevu, na ukizizungusha zinaacha sauti yako kwenye kichwa cha mashine.

Mwisho ni haki. Kuwa na kanda si kuwa na wimbo. Kabla hujapandisha chochote mtandaoni, muulize mtunzi, na kama hayupo uliza familia yake, tena uliza ni nani hasa familia inamtambua kuwa msemaji. Kama nyimbo hazijasajiliwa COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, wasaidie kujaza fomu. Wazee wengi hawajui kwamba inawezekana hata sasa. Zipo kampuni za Ulaya na Marekani zinazotoa upya muziki wa Afrika wa miaka ya 60 na 70, na zikisoma ulichoandika zitakutafuta wewe kwanza, kwa sababu wewe ndiye mwenye barua pepe. Zikikutafuta, usijibu kuhusu bei, usitume WAV, na usisaini kwa niaba ya mtu. Waunganishe na wahusika, na waambie wahusika wasome kipengele cha muda wa mkataba kabla ya kile cha malipo ya mwanzo.