Maswali ya Wasomaji: Mtoko wa Wawili Jijini London

SWALI: Salamu kwenu wahariri. Mimi na mume wangu tunaishi Barking, mashariki mwa London. Yeye anafanya kazi za shifti, mimi niko ofisini Jumatatu hadi Ijumaa. Kila tukitoka Jumamosi tunarudi tumenuniana: njia ya treni imefungwa, kila mahali foleni, chakula ghali. Siku hizi kila mtu anakaa na simu yake tu. Tutokeje bila kuumiza mfuko?
*Msomaji, Barking*

JIBU: Dada, tatizo lenu kubwa ni Jumamosi yenyewe. Ndiyo siku ambayo watalii na familia hujaa katikati ya jiji, na wikendi ndipo vipande vya reli hufungwa kwa matengenezo. Hamieni Ijumaa jioni, pale shifti ya mzee inaporuhusu. Victoria and Albert Museum, iliyopo South Kensington, siku nyingine hufungwa kabla ya saa kumi na mbili jioni, lakini Ijumaa hubaki wazi hadi saa nne usiku. National Gallery hufika saa tatu, British Museum saa mbili na nusu. Kuingia zote tatu ni bure; kinacholipiwa ni maonyesho maalumu ya muda.

Kutoka Barking, treni ya District inawafikisha South Kensington bila kubadilisha. Wengi huogopa kusafiri kati ya saa kumi jioni na saa moja usiku kwa kuwa ni saa za nauli ya juu. Ninyi msiogope. Anayetoka nje ya Kanda 1, yaani eneo la nauli la katikati ya jiji, kwenda kituo kilicho ndani ya Kanda 1 katika saa hizo hutozwa nauli ya chini. Barking iko Kanda 4, na South Kensington iko Kanda 1. Ila msianze safari ya kurudi kabla ya saa moja, maana kwa kutoka katikati ya jiji nauli ya juu inahesabiwa.

Pesa nyingi hupotelea getini. Kila mmoja aguse kadi yake ya benki. Kadi moja haipitishi wawili. Tena kadi ya plastiki na kadi hiyohiyo iliyowekwa kwenye simu huhesabiwa kama kadi mbili tofauti. Ukiingia kwa plastiki ukatoka kwa simu, mfumo unaona safari mbili ambazo hazikukamilika na unakukata nauli ya juu kabisa mara mbili. Chagueni kimoja asubuhi, mkitumie hadi usiku, ndipo na kikomo cha makato ya siku kitakapowafaa. Kwenye basi gusa unapopanda tu. Nauli ni paundi 1.75, na mabasi mengine mtakayopanda ndani ya saa moja tangu mguso wa kwanza hayakatwi kitu. Fedha taslimu hazipokelewi.

Mkishaingia Victoria and Albert, chagueni vyumba viwili, basi. Wanaotaka kuona kila kitu ndio wanaorudi wamenuniana. Anzeni na zulia la Ardabil, lililofumwa Iran karibu na mwaka 1540, lenye urefu unaozidi mita 10. Ili rangi zisififie, huwashiwa taa kwa dakika 10 tu kila saa kamili na kila nusu saa, hivyo jipangeni kufika saa moja kamili au saa moja na nusu. Ukifika katikati utaona giza na kudhani kuna hitilafu. Kisha nendeni kwenye kumbi za nakala za plasta, ambako nakala ya nguzo ya Trajan, mfalme wa Roma ya kale, imesimamishwa vipande viwili kwa sababu nzima isingeenea chini ya paa. Ulizeni kwanza mlangoni: usiku vyumba vingine hufungwa mapema. Kuhusu chakula, kuleni nyumbani kabla ya kutoka, pale ndani mnywe chai tu.

Mkichelewa, kumbukeni kwamba treni za usiku kucha za Ijumaa na Jumamosi hazipiti District. Treni ya District ikishakata, basi la N15 linafika Barking.

Mzee akipata mapumziko siku yenye jua, pandeni treni ya Suffragette kutoka Barking hadi mwisho wa reli, Gospel Oak. Haipiti katikati ya jiji kabisa, na ukishuka unatembea dakika chache tu kuingia Hampstead Heath, eneo kubwa la wazi lenye nyasi na miti. Pandeni kilima cha Parliament Hill, chenye mita 98, mlione jiji lote, halafu vukeni msitu hadi jumba la kale la Kenwood House. Kuingia ni bure, na ndani mna picha ambayo mchoraji Rembrandt alijichora mwenyewe uzeeni. Hii kwangu ndiyo siku bora kuliko zote kwa wenye bajeti ndogo. Wakati wa baridi tokeni mapema: Desemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni, na mle msituni hakuna taa.

SWALI: Mke wangu anatamani mchezo wa jukwaani, lakini tiketi ninazoziona zinazidi paundi 80. Hakuna njia nyingine?
*Msomaji, Reading*

JIBU: Ipo, kama miguu inaruhusu. Ukumbi wa maigizo wa Shakespeare's Globe, kando ya mto Thames, huuza nafasi za kusimama uwanjani mbele ya jukwaa kwa paundi 5 hadi 10 katika msimu wa kiangazi. Uwanja hauna paa, mvua haisimamishi mchezo, na miavuli hairuhusiwi. Chukueni makoti ya mvua yenye kofia na viatu vya kutembelea, maana mtasimama kwa muda wa karibu saa tatu na kukaa chini hakuruhusiwi. Fikeni mapema mpate pa kuegemea, ama ukingo wa jukwaa ama ukuta wa nyuma. Mkikuta unachezwa mmoja wa ile michezo miwili ya Shakespeare aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere, Juliasi Kaizari au Mabepari wa Venisi, someni tafsiri yake kwanza. Kiingereza cha miaka 400 iliyopita huwapita hata wenyeji.

Kwa kumbi zenye viti, kibanda cha TKTS pale Leicester Square huuza tiketi za punguzo za siku hiyohiyo. Kabla ya kulipa, uliza kama kuna nguzo au reli mbele ya kiti. Mara nyingi hiyo ndiyo sababu ya urahisi wake.

SWALI: Tunataka kwenda Brighton na Cambridge kwa treni. Ile kadi ya punguzo ya watu wawili inalipa?
*Msomaji, Ilford*

JIBU: Two Together Railcard ni paundi 35 kwa mwaka na hupunguza theluthi moja ya nauli. Tiketi mbili za paundi 30 zinashuka kutoka 60 hadi 40, hivyo safari ya pili inarudisha gharama na ziada. Masharti ni magumu kidogo: wote wawili muwe na picha kwenye kadi na msafiri pamoja, na Jumatatu hadi Ijumaa haifanyi kazi kabla ya saa tatu na nusu asubuhi. Mmoja akitangulia peke yake, tiketi zenu hazifai. Nunueni tiketi kabla ya kufika getini, kwa sababu ukigusa kadi ya benki punguzo halihesabiwi.