Jutta Kleinschmidt hakuokota ushindi wa Dakar

Mheshimiwa Mhariri,

Swali lenu la wiki linauliza iwapo madereva wanawake watengewe mashindano yao wenyewe katika mbio za magari. Katika maelezo mliyoyatanguliza mmemtaja Mjerumani Jutta Kleinschmidt, mwanamke pekee aliyewahi kutwaa ushindi wa jumla wa magari katika Dakar, zile mbio ndefu za jangwani, kisha mkaongeza kwamba aliupata baada ya wanaume waliokuwa mbele yake kugombana wenyewe kwa wenyewe. Swali nitalijibu, lakini kwanza niruhusuni niyashughulikie hayo maelezo, kwa sababu ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Mama huyu alizaliwa Köln mwaka 1962, akakulia Berchtesgaden kwenye milima ya Bavaria, akasomea uhandisi wa fizikia na kuajiriwa na kampuni ya BMW. Dakar yake ya kwanza ilikuwa mwaka 1988, naye aliikimbia kwa pikipiki. Baadaye aliacha kazi, akahamia kwenye magari, na mwaka 1997, akiendesha gari lililoundwa na Mfaransa Jean-Louis Schlesser, akawa mwanamke wa kwanza kushinda hatua ya siku moja katika mbio hizo. Mwaka 1999, akiwa tayari na Mitsubishi, alimaliza wa tatu. Ninayataja haya harakaharaka kwa sababu yako wazi kwa yeyote anayefuatilia mchezo huu, lakini yanatosha kuonyesha kwamba aliyeingia Senegal Januari 2001 hakuwa mgeni aliyekuwa akipita njia akakuta kombe limeanguka.

Sasa tuje kwenye tarehe 20 Januari 2001, siku moja kabla ya mwisho. Msafara ulikuwa umetoka Paris, ukapitia Hispania, Moroko, Mauritania na Mali, na Mjapani Hiroshi Masuoka wa Mitsubishi ndiye aliyekuwa akiongoza. Schlesser, bingwa wa miaka miwili mfululizo, alikuwa akimfukuza. Asubuhi hiyo Schlesser na mwenzake wa timu, Mhispania José María Servià, walijitokeza kwenye mstari wa kuanzia kabla ya dakika walizopangiwa kuondoka, wakaondoka mbele ya Masuoka. Asiyewahi kusimama kando ya barabara ya vumbi gari la mbio likipita anaweza kuliona jambo hilo kuwa dogo. Sisi tuliozoea Safari Rally tunajua kwamba anayemfuata mwenzake katika vumbi haoni shimo, haoni jiwe, haoni hata pembe ya boneti yake, na kwamba ana njia mbili tu: apunguze mwendo au apite porini. Masuoka alichagua pori. Gari lake likavunjika upande wa nyuma, na muda alioupoteza kwa matengenezo ndio uliomwondoa kileleni.

Wasimamizi wa mbio walimpa Schlesser na Servià adhabu ya saa nzima kila mmoja. Wapo waliosema, na wangali wakisema, kwamba adhabu ilizidi kosa. Mimi sioni hivyo. Miaka ile Safari ilipokuwa bado inakimbizwa katika barabara zilizo wazi kwa magari ya kila mtu, niliwahi kujitolea katika kituo cha kupimia muda wa magari, nikiwa na saa ya mezani, mwavuli na fomu zilizokwisha kulowa. Gari lilikuwa likisimama kabla ya kibao, na mwelekezi, yule anayemsomea dereva njia, alishuka, akaja kwa miguu hadi mezani huku kadi ya muda ameishika mkononi bila kunikabidhi, macho yake yakiwa kwenye saa yangu na yangu yakiwa kwenye kadi yake. Dakika yake ilipogonga ndipo aliponipa. Hakuna aliyeniambia kwamba dakika moja ni kitu kidogo. Kwa anayewahi kuna adhabu na kwa anayechelewa kuna adhabu, na dereva bingwa, mwenye timu yake, anaijua kanuni hiyo kuliko karani aliyekaa kwenye kiti cha kukunja. Kwa hiyo Schlesser alipoondoka kabla ya wakati wake hakuwa amesahau. Alipiga hesabu, na hesabu ikamgeuka.

Na Kleinschmidt alikuwa wapi katika sokomoko hilo? Alikuwa nyuma ya Masuoka na Schlesser katika jedwali la jumla, akiendesha Pajero yake pamoja na mwelekezi wake Andreas Schulz, bila kuvunja gari na bila kuvunja kanuni. Ndipo siku ya mwisho, katika mzunguko mfupi wa Ziwa la Waridi nje ya Dakar, akaulinda uongozi na kumaliza dakika 2 na sekunde 39 mbele ya Masuoka, Schlesser akiwa wa tatu. Watu huzitazama dakika hizo mbili na ushei wakaona bahati. Mimi naziona baada ya takribani kilomita elfu kumi, ambako pancha moja iliyobadilishwa kizembe au njia panda moja iliyokosewa jangwani ingezimaliza zote. Mshindi wa mbio za aina hii hupatikana kwa jumla ya muda, na jumla hiyo inahesabu siku uliyotulia sawasawa na siku uliyokimbia. Mwanamume akishinda namna hiyo huitwa dereva mwenye busara. Zaidi ya hayo, kwa kuwa Schlesser aliwahi kuwa mwenzi wake wa maisha na mkuu wake wa timu, mabishano ya kanuni yaligeuzwa umbea wa nyumbani, jambo ambalo Masuoka hakulazimika kulivumilia.

Haki ya Masuoka naitambua. Alionewa njiani, naye alijibu kwa namna iliyo bora kuliko zote, yaani kwa kushinda mwaka 2002 na tena mwaka 2003. Lakini mwaka 2002 aliyemaliza wa pili nyuma yake alikuwa ni Kleinschmidt, na mwaka 2003 aliyeketi kando yake akimsomea njia alikuwa ni Schulz yuleyule. Mwaka 2005 Kleinschmidt alipanda tena jukwaani, wa tatu, kwa Volkswagen ya dizeli, safari hii akiwa na Mwitaliano Fabrizia Pons. Bahati gani hiyo inayorudi rudi kwa mtu yuleyule?

Baada ya kusema hayo mtatarajia nijibu kwamba wanawake wasitengewe chochote. Ndivyo nilivyokusudia, na Mjerumani mwingine, Sophia Flörsch, alilipinga hadharani wazo la W Series, yale mashindano ya langalanga ya wanawake pekee yaliyoanza mwaka 2019 na kukatika mwaka 2022 kwa kukosa fedha. Hata hivyo, ninapoirudia historia hii ninaona jambo linalonisumbua. Kleinschmidt alipokuwa bado kwenye pikipiki, mwaka 1992, alishinda kundi la wanawake katika mbio za Paris hadi Cape Town. Kundi lile la pembeni, ambalo ningelidharau kama mngeniuliza jana, lilimpa cheo cha kuwaonyesha wadhamini wakati hakuwa na kingine. Na tangu mwaka 2001 hakuna mwanamke mwingine aliyetwaa ushindi wa jumla wa magari katika Dakar, ingawa Mhispania Cristina Gutiérrez alishinda daraja la Challenger, la magari mepesi, mwaka 2024. Ikiwa njia ya pamoja pekee ingetosha, nadhani tungekuwa na majina zaidi ya hayo.

Basi jibu langu ni ndiyo, kwa masharti. Wasichana wanaotoka kwenye magari madogo ya mafunzo na kuingia langalanga, ambako kiti kimoja cha msimu hugharimu fedha ambazo familia nyingi hazina, watengewe mashindano yao kwa misimu miwili au mitatu, mradi mshindi apewe kiti kilicholipiwa katika daraja la juu la watu wote. Pasipo kiti hicho sitayaunga mkono. Katika rali na mbio za jangwani sioni haja ya kuwatenga, ila zawadi ya wanawake iendelee kutolewa ndani ya jedwali lilelile la jumla, kama ilivyokuwa mwaka 1992.

Na lile neno la kugombana kwa wanaume, Mheshimiwa Mhariri, ningeomba mlirekebishe katika toleo lijalo: kulikuwa na kanuni, wawili wakaivunja, wakaadhibiwa.