Shamba la mzee: The Hague hapana, angalia Arusha

Mkuu pole sana kwa shamba la mzee kuchukuliwa na wilaya bila fidia, inauma. Umeuliza kama unaweza kuishtaki serikali The Hague, pale hupati kitu maana ICJ (Mahakama ya Kimataifa ya Haki) inasikiliza nchi kwa nchi tu, kama Somalia ilivyoishtaki Kenya kuhusu mpaka wa bahari, na ICC (Mahakama ya Kimataifa ya Jinai) ni mambo ya mauaji ya kimbari na uhalifu wa kivita. Mahakama ya Afrika iko hapo Arusha lakini Tanzania iliondoa tamko la kuruhusu mwananchi kwenda moja kwa moja, Novemba 2019, so huko nako pamefungwa.

Inabaki Mahakama ya Afrika Mashariki, nayo iko hapo hapo Arusha, hawa hawakulazimishi umalize kwanza mahakama za nyumbani, ila lazima ufungue ndani ya miezi 2 tangu ujue uamuzi, na hapo ni wakali kwelikweli, ukijitetea eti uonevu bado unaendelea hawakuelewi. Halafu usiende na hoja ya shamba peke yake, onyesha Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki umevunjwa, hasa ibara ya 6(d) na 7(2) kuhusu utawala wa sheria.

Ile barua ya wilaya ina tarehe gani? Ishike, utafute wakili leo hii, usisubiri wiki ijayo.