Mwalimu, Toa Hizo Tabuleti Kabatini

Juzi mwalimu mmoja wa Bungoma aliniandikia: "Mwalimu, wafadhili wametuletea tabuleti 20. Mkuu wa shule anasema zikae kabatini mpaka tupate intaneti. Nifanyeje?" Nilisoma ujumbe huo mara mbili. Ufunguo wa kabati kama hilo niliwahi kuushika mimi.

Serikali ya Kenya ilianza kusambaza vifaa vya kidijitali vya darasa la kwanza, yaani tabuleti, mwaka 2016. Vyetu vilipofika shuleni, huku karibu na Ahero, nilikabidhiwa pamoja na maktaba, nikaambiwa kimoja kikipotea nitalipa. Nikavifungia kwa kufuli mbili. Kila muhula nilivihesabu, nikatia sahihi daftarini, nikafunga tena. Hakikupotea hata kimoja, na nilijivunia. Siku tuliyovitoa, vingine vilikataa kuwaka kabisa. Kimoja mgongo ulikuwa umefura kama andazi, kioo kimebanduka pembeni. Betri hizi ukiziacha tupu muda mrefu huharibika, na sikulijua hilo. Kwenye mkutano wa wazazi nilinyoshewa kidole mbele ya watu, na aliyeniamuru nifunge akakaa kimya. Bado linaniuma.

Miaka ya kuomba na kukataliwa nairuka. Mwishowe nilinunua kwa pesa zangu Raspberry Pi, kompyuta inayotosha kiganjani, nikaiwekea Kolibri, programu ya bure inayohifadhi video, mazoezi na vitabu na kuvigawa kwa tabuleti zilizo karibu bila intaneti. Nilipakua kila kitu Kisumu mjini, nikarudi nayo kwenye matatu ndani ya mkoba. Stima ikipotea, betri ya kuchajia simu huiendesha saa kadhaa.

Kati ya yote niliyopakua, watoto walizipenda zaidi hadithi za African Storybook. Ni za bure, na zipo za Kiswahili na hata za Dholuo, lugha ya Wajaluo. Alasiri ya kwanza, msichana wa Gredi ya 4 ambaye darasani hasikiki kabisa aliweka kidole chini ya neno la Dholuo, midomo ikicheza bila sauti. Akasogeza kidole. Kisha akasoma ukurasa mzima kwa sauti. Wenzake wawili waliokuwa wakigombea kifaa wakanyamaza. Alipomaliza hadithi akarudi mwanzo, hajaambiwa na mtu. Nilitoka nje nikasimama kando ya tangi la maji hadi macho yakauke.

Basi, mwalimu wangu wa Bungoma, zitoe wiki hii. Likizo ikija, ziache na chaji nusu, usiziache tupu. Watoto watatu kwa kifaa kimoja wanatosha. Ziandike kwenye rejista ya maktaba kama vitabu, na wakubwa wa Gredi ya 6 wasimamie kuzitoa na kuzirudisha. Kwetu wanazilinda kuliko nilivyozilinda mimi na kufuli zangu. Lakini kwanza zitoe. Walimu wenzangu, tumezoea kuogopa kifaa kisivunjike kuliko tunavyoogopa mtoto amalize shule hajui kusoma. Tuache! Tabuleti iliyopasuka mikononi mwa mtoto anayesoma imefanya kazi yake. Iliyozeeka kabatini ikiwa mpya imemwibia mtoto.

Mkuu wako akishikilia neno la intaneti, mlete kwetu Ijumaa alasiri, saa ya maktaba. Akae nyuma asikilize. Kabati nalo nitamfungulia alione: siku hizi tunaweka chaki na mipira.