Mwanangu hafungui mdomo wageni wakija. Nimemdekeza?

SWALI: Mwanangu ana miaka minne, yuko PP1, mwaka wa kwanza wa shule ya awali. Nyumbani anaongea kama chiriku, lakini mgeni akiingia anajificha nyuma ya leso yangu. Baba yake anasema nimemdekeza, na humvuta mkono kwa nguvu aamkue watu. Je, ni mimi niliyemfanya hivi? – Mama, Umoja, Nairobi

JIBU: Hapana, mama. Watoto huzaliwa na hulka tofauti. Madaktari wawili wa Marekani, Alexander Thomas na Stella Chess, walianza mwaka 1956 kufuatilia watoto wa New York tangu uchanga. Wapo waliowakuta wepesi, wapo wagumu, na wapo wanaochelewa kuzoea: jambo jipya huwarudisha nyuma kwanza, wakipewa muda husogea wenyewe. Kwa maelezo yako, mwanao yuko kundi hilo la mwisho.

Mkono wenu wazazi unaingia katika jinsi mnavyoipokea hulka hiyo. Mtoto wa aina hii akivutwa mbele ya watu, anajifunza kwamba wageni wanatisha na kwamba baba hatamkinga. Lakini ukimsemea kila neno, anajifunza kwamba hawezi. Kwa hiyo njia ya mzee naikataa, ila wasiwasi wake una msingi: mtoto asiachwe kukaa nyuma ya leso siku zote.

Kabla shangazi hajafika, mwambie mtoto: "Shangazi anakuja. Utampa mkono au utampungia?" Akishaingia, msimkodolee macho mtoto. Chai imiminwe, mazungumzo yaendelee, yeye akiwa kando yako. Akitulia, mpe sahani ya mandazi apeleke. Akipeleka, mwambie tu, "Asante, umemkaribisha shangazi," bila vigelegele, maana macho ya watu wote ndiyo yanayomrudisha mafichoni.

Nakuomba sana jambo moja: asisikie mkisema "huyu ni mwoga". Katika umri huu mtoto hulichukua jina mnalompa akalivaa. Jamaa wakisema, wajibu mbele yake: "Yeye hupenda kutazama kwanza." Mtoto amsikie baba yake naye akisema hivyo, kwa sababu neno la baba lina uzito wake.

Muulize pia mwalimu kama anaongea na wenzake wakicheza. Ikiwa shuleni hasemi kabisa kwa zaidi ya mwezi, ukiacha ule mwezi wa kwanza wa kuzoea, mpeleke kwa mwanasaikolojia wa watoto mapema.