Kukesha usiku wa kuamkia mtihani

Mdogo wangu, umeuliza kama ukeshe ukisoma usiku wa kuamkia mtihani. Usikeshe, tafadhali. Ukilala, ubongo hauzimi. Mwaka 1994 watafiti Matthew Wilson na Bruce McNaughton, huko Marekani, walirekodi seli za hipokampasi ya panya, sehemu ya ubongo inayopokea kumbukumbu mpya. Seli zilizoamka pamoja panya alipokuwa akizunguka kutafuta chakula ziliamka tena pamoja alipolala usingizi mzito. Yaani ya mchana hupitiwa upya usingizini, na kidogo kidogo hujikita kwenye gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, yakadumu.

Ndoto nazo zimo. Mwaka 2000 mtafiti Robert Stickgold na wenzake waliwachezesha watu Tetris, mchezo wa kompyuta wa kupanga vipande vinavyodondoka. Wakianza kusinzia, wengi waliona vipande vikidondoka. Hata baadhi ya wagonjwa waliopoteza uwezo wa kukumbuka, wasiokumbuka kwamba waliwahi kucheza, waliviona! Hilo hunishangaza kila nikilifikiria. Ila usitegemee kuota majibu, maana ndoto hunyofoa vipande vipande tu.

Leo jioni pitia yale yanayokusumbua, funga daftari, ulale. Usipolala, hata kuelewa swali lenyewe asubuhi kutakuwa kazi.