Meneja anasema chama hakiingii mpaka tufike nusu

SWALI: Wakili, habari za kazi. Nipo korona (mtambo wa kuchambua nyuzi za mkonge) katika shamba moja la mkonge, njia ya kwenda Muheza. Tupo wafanyakazi 140, na 52 tumeshajaza fomu za kujiunga na chama cha wafanyakazi. Meneja anasema chama hakitambui mpaka tufike nusu, makato ya ada ya chama hakati, na katibu wetu ameambiwa mkataba wake wa mwaka ukiisha mwezi ujao asitegemee mwingine, ingawa umeshahuishwa mara tatu. Sheria inatulinda, au tunajitia kitanzi wenyewe?

JIBU: Meneja wenu amechanganya mambo mawili, na sidhani kama ni kwa kutojua.

Hiyo nusu ipo, ila ni ya kujadiliana, si ya kujiunga. Kifungu cha 67 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinataka chama kilichosajiliwa kiwe na zaidi ya nusu ya kundi kinalolisemea ndipo kiwe msemaji wao pekee. Kwenu ni watu 71, pungufu kidogo mkiwatoa mameneja wa juu kwenye hesabu. Vibarua wa kukata mkonge msiwasahau. Wengi huachwa kwa kudhaniwa si wafanyakazi. Mkishatimia, chama kinampa mwajiri notisi kwa fomu yake, naye ana siku 30 za kukutana nacho. Akigoma, mgogoro unakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), na usuluhishi ukishindikana, Mahakama ya Kazi. Mkataba wa hali bora (makubaliano ya chama na mwajiri) utakaotoka hapo utawafunga hata wasio wanachama.

Lakini hao 52 wana haki zao leo hii. Wanachama kumi tu wanatosha kufungua tawi kazini, na kwa idadi yenu mna nafasi ya wawakilishi kumi. Viongozi wa chama wana haki ya kuingia shambani kuonana nanyi. Mwajiri anaweza kupanga muda na mahali ili kazi isivurugike, basi. Makato nayo hayangoji nusu: mfanyakazi akishasaini fomu ya idhini, mwajiri anakata na kuwasilisha ada ndani ya siku saba baada ya mwezi kuisha. Akichelewesha, anadaiwa asilimia 5 ya kiasi hicho kwa kila siku. Mkumbusheni hilo kwa barua. Nimeona wahasibu wakiamka haraka kuliko mameneja.

La katibu ndilo linalonitia wasiwasi. Kifungu cha 9 kinakataza kumbagua mtu kwa sababu ya chama, na kufanya hivyo ni kosa la jinai. Kumwachisha kazi kwa sababu hiyo si halali. Waajiri hujificha nyuma ya maneno "mkataba umeisha wenyewe", ila sheria inahesabu kutohuisha mkataba kuwa ni kuachishwa, ikiwa mfanyakazi alikuwa na matarajio ya msingi ya kuhuishiwa. Mara tatu mfululizo ni hoja nzuri. Atunze nakala za mikataba yote, na aliyesikia kauli ya meneja aandike tarehe na maneno yenyewe sasa hivi, kabla hayajapoa.

Akiachwa, asikae nyumbani akisubiri kuitwa kwa mazungumzo. Ana siku 30 tu za kujaza fomu namba 1 ya CMA na kuipeleka ofisi yao ya Tanga.